Kipimo kimesema nina homa ya ini, na nimebakiza miezi mitatu nijifungue

Shikamoo Bi Mkunga,

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, nina miaka 29, naishi Umoja hapa Nairobi ingawa kwetu ni Voi. Nina mimba ya wiki 26. Nimekuandikia kwa sababu sina tena mtu wa kumweleza bila maneno yangu kufika mbali.

Mwezi uliopita nilihama kliniki kwa kuwa foleni ya ile ya kwanza ilikuwa inanimalizia siku nzima na mwajiri wangu alishaanza kununa. Huko nilikohamia walinitoa damu upya. Mbali na VVU na kaswende, ambavyo nilikuwa nimeshapimwa, wakapima na homa ya ini. Sista aliyenipa majibu alichukua kalamu nyekundu, akaandika kwenye kitabu changu cha kliniki kwamba nina homa ya ini aina ya B, akapiga mstari mara mbili. Nilipomuuliza maana yake alisema nitaongea na daktari nikirudi, kisha akaita jina la aliyekuwa nyuma yangu.

Nilimweleza wifi yangu, maana ndiye tuliyezoeana. Akaniambia kuna mama ploti ya nyuma aliyepata virusi akiwa mjamzito, na mtoto akazaliwa ana mtoto wa jicho na moyo wenye tundu. Tangu hapo silali. Kila mtoto wangu anapocheza tumboni najiuliza kama ataniona.

Jioni hiyohiyo habari zilimfikia mama mkwe kule Kitui. Alipiga simu akasema vikombe na sahani zangu zitengwe, na mtoto akizaliwa nisithubutu kumnyonyesha. Yeye ndiye atakayekuja kunikanda siku arobaini, na sasa anasema atafikiria.

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma Kariobangi. Aliniuliza swali moja tu: "Umeitoa wapi?" Tangu siku hiyo analala sebuleni. Nilipomwomba twende tukapime sote, alisema yeye haumwi, apimwe nini. Bi Mkunga, naapa sijawahi kutoka nje ya ndoa. Wala sijawahi kuumwa ini. Macho yangu hayajawahi kuwa manjano hata siku moja. Mtoto wetu wa kwanza ana miaka minne, nilimnyonyesha miaka miwili kamili, na ni mzima anakimbia. Kama kweli ninayo, si angekuwa ameshaugua?

Kuna mama sokoni anayeuza dawa ya mitishamba ya kusafisha ini. Ameniambia chupa tatu zinatosha na kipimo kitabadilika. Nimenunua moja, bado sijainywa.

Nilichoamua kwa sasa ni kuuchana ule ukurasa. Au nitasema kitabu kilipotea kwenye matatu, nichukue kipya kliniki nyingine, nijifungue kimya kimya kama wenzangu bila mama mkwe wala sista yeyote kuona yale maandishi mekundu. Lakini moyo unasitasita. Nifanyeje? Mtoto atazaliwa na kasoro? Nizae kwa upasuaji? Nimnyonyeshe? Na mume wangu nimweleze nini anisikie?

Mwenye hofu, Umoja

*

Marahaba, binti yangu.

Nianze na ule ukurasa, maana ndio ulioninyima raha niliposoma barua yako. Usiuchane. Usikipoteze kitabu, usichukue kingine, na usiende kujifungua mahali ambapo hawajui kilichoandikwa humo. Mengine uliyouliza yanaweza kungoja siku mbili tatu. Hili haliwezi, kwa sababu mtoto wako anaweza kukingwa, na ili akingwe ni lazima mkunga wa zamu awe anajua hali yako kabla uchungu haujaanza.

Virusi vya homa ya ini aina ya B hukaa kwenye damu na majimaji ya mwili. Mimba ikiendelea, kondo la nyuma huvizuia kwa kiasi kikubwa, kwa hiyo ni watoto wachache tu wanaoambukizwa wakiwa bado tumboni. Wengi hukutana navyo siku ya kuzaliwa. Tumbo likibana na kuachia, damu kidogo ya mama hupenya upande wa mtoto, kisha mtoto hupita katika njia ya uzazi akiwa amelowa damu na majimaji ya mama yake, mengine akiyameza. Ndiyo maana chanjo yake ya kwanza hupangiwa saa hizohizo: achomwe ndani ya saa 24 tangu azaliwe, na ikiwahi zaidi ya hapo ni bora zaidi. Hiyo chanjo huuamsha mwili wake ujikinge kabla virusi havijapata makao kwenye ini.

Sasa tuseme umeuchana ukurasa. Hapa kwetu chanjo ya homa ya ini imo ndani ya ile sindano ya magonjwa matano ambayo watoto huchomwa wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Kwa mtoto wako, wiki ya 6 ni kuchelewa mno. Utajifungua usiku, sista asiyejua lolote atampa BCG, ile chanjo ya kifua kikuu, na matone ya polio kama kawaida, atakupongeza, na asubuhi utaruhusiwa kwenda Umoja na mtoto anayenyonya vizuri. Hakuna atakayegundua kwamba kuna kilichosahaulika. Hata wewe utajiambia kwamba umevuka salama.

Na hapo ndipo ugonjwa huu unapowalaghai watu. Mtoto mchanga aliyeambukizwa homa ya ini aina ya B kwa kawaida haonyeshi chochote. Hana homa, uzito unaongezeka, anacheka kwa wakati wake. Mwili wake mchanga bado haujajua kutofautisha adui na mwenyeji, kwa hiyo unavikaribisha virusi na kuishi navyo. Katika kila watoto 100 wanaoambukizwa wakati wa kuzaliwa, kama 90 hubaki navyo maisha yao yote. Mtu mzima akiambukizwa mambo ni kinyume: mwili hupigana, pengine anaugua kwa wiki kadhaa, na wasiozidi watano katika 100 ndio wanaobaki navyo. Yule mtoto atakua, atasoma, ataoa au kuolewa, na akiwa na miaka thelathini au arobaini na kitu ndipo ini litaanza kujaa makovu au kuota saratani. Kati ya wanne waliobaki na virusi hivi tangu utotoni, takriban mmoja hufa mapema kwa sababu ya hayo mawili. Hilo ndilo tunalomkinga nalo mtoto wako kwa sindano moja ya paja siku ya kwanza.

Sikwambii haya kwa kubahatisha. Katika miaka ya 1970, daktari Mmarekani aitwaye Palmer Beasley alifanya utafiti Taiwan na kuonyesha jinsi akina mama walivyokuwa wakiwaambukiza watoto wao wakati wa kujifungua. Wakati huo karibu mtoto mmoja kati ya kumi huko alikuwa na virusi hivi. Mwaka 1984 Taiwan ikaanza kuwachanja watoto wachanga wa akina mama wenye virusi, na miaka miwili baadaye watoto wachanga wote. Kufikia mwaka 1999 watoto waliokuwa navyo walikuwa wameshuka hadi chini ya mmoja kati ya 100, na saratani ya ini kwa watoto nayo ikapungua. Ilikuwa mara ya kwanza ulimwenguni kwa chanjo kuonekana ikizuia saratani. Inaniuma kwamba sisi bado tuko nyuma. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2024 kwamba zaidi ya sita kati ya kila maambukizi mapya kumi ya ugonjwa huu yako katika kanda yetu ya Afrika, lakini ni watoto 18 tu kati ya 100 wa kanda hii wanaochomwa ile chanjo ya siku ya kwanza.

Nije kwa maneno ya wifi yako, maana ndiyo yaliyokunyima usingizi. Wifi hakutunga hadithi. Kuna watoto wanaozaliwa na mtoto wa jicho na moyo wenye tundu kwa sababu ya virusi. Lakini wenye kusababisha hayo ni virusi vya rubela, na si homa ya ini. Mwaka 1941, daktari wa macho huko Sydney, Australia, Norman Gregg, aliona watoto wengi wachanga wakiletwa wakiwa na mtoto wa jicho, akagundua kwamba mama zao walikuwa wameugua rubela mwanzoni mwa mimba. Virusi vya rubela hupenya kondo la nyuma wakati macho, moyo na masikio ya mtoto yanaumbwa. Mama akiipata ndani ya wiki 12 za kwanza, hadi watoto tisa kati ya kumi huweza kudhurika. Baada ya wiki ya 20 madhara ni nadra. Yenyewe humjia mama kwa upole tu, vipele kidogo, homa kidogo, tezi nyuma ya masikio, akapona na kusahau. Huenda ndivyo ilivyokuwa kwa yule jirani wa ploti ya nyuma, na ningependa mtu amtembelee badala ya kumfanya mfano wa kutishia wajawazito.

Homa ya ini aina ya B haiharibu macho ya mtoto, haitoboi moyo wala haipindi viungo. Mtoto wako atakuona.

Wasomaji wengine wanaopanga kubeba mimba nao wanisikie hapa. Kenya ilianza kutoa chanjo ya surua na rubela kwa pamoja mwaka 2016, na kampeni ya mwaka huo ililenga watoto wa miezi 9 hadi miaka 14. Mwanamke mwenye umri wa huyu binti yangu huenda hakuipata kamwe. Chanjo hiyo huchomwa kabla ya mimba, na baada ya kuchomwa mwanamke husubiri mwezi mmoja kabla ya kubeba mimba; mjamzito hachomwi. Tetekuwanga nayo ina wakati wake mbaya. Mama akitokwa na vipele siku tano kabla ya kujifungua au siku mbili baada yake, mtoto anaweza kuugua vibaya kwa sababu hajapata bado kinga kutoka kwa mama, na lazima daktari aambiwe siku hiyohiyo. Na kuna virusi vya saitomegalo, ambavyo wajawazito wengi hawajawahi hata kuvisikia, ingawa duniani ndivyo vinavyowafikia watoto wengi zaidi tumboni na ni sababu kubwa ya watoto kuzaliwa viziwi au kupoteza usikivu baadaye. Huenezwa na mate na mkojo wa watoto wadogo. Kwa hiyo, mama mwenye mtoto wa chekechea na mimba nyingine, nawa mikono kwa sabuni kila ukimbadilisha nepi au kumpangusa kamasi, na usimalizie uji kwa kijiko alicholamba. Najua umezoea kumalizia. Vumilia miezi hii.

Basi turudi kwako. Usingoje tarehe ya kurudi kliniki. Nenda wiki hii, na kitabu mkononi, umwombe daktari vipimo vinavyoonyesha virusi ni vingi kiasi gani kwenye damu yako na ini lako linafanyaje kazi. Hilo la wingi ni muhimu kwa mtoto. Mama mwenye virusi vingi sana, asipopata kinga yoyote, anaweza kuwaambukiza watoto saba hadi tisa kati ya kumi. Mwenye virusi vichache, hatari hupungua sana. Ukivuka kiwango ambacho madaktari wamekiweka, yaani uniti 200,000 kwa kila mililita ya damu, utapewa kidonge kiitwacho tenofovir, kimoja kila siku, angalau hadi ujifungue. Kinapunguza virusi ili siku ya kujifungua mtoto akutane na vichache. Hata kama mahali ulipo hakuna kipimo cha wingi, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024 unaruhusu mjamzito mwenye virusi hivi apewe dawa hiyo kuanzia miezi mitatu ya katikati ya mimba. Wewe umeshafika huko, kwa hiyo ulizia.

Jina la dawa lisikushtue. Tenofovir imo pia katika dawa za wanaoishi na VVU, na jirani akiiona anaweza kuanza kuhesabu mambo yasiyokuwepo. Ndiyo sababu pia daktari atataka majibu yako ya VVU yawe ya karibuni kabla ya kukuanzishia. Na usiiache mwenyewe ukishajifungua. Mwache daktari aamue lini na akufuatilie miezi ya mwanzo, kwani ini linaweza kuwaka ghafla dawa ikisimamishwa.

Jambo la pili, chanjo yenyewe. Usidhani itakuwepo tu. Unaishi karibu na hospitali ya Mama Lucy Kibaki. Iwe utajifungulia huko, Pumwani au kwingine, nenda mapema, kabla ya mwezi wa nane wa mimba, uulize wadi ya uzazi swali hili kwa sauti inayosikika: chanjo ya homa ya ini ya mtoto wa siku ya kwanza mnayo, hata nikizaa Jumapili usiku? Wakisema hawana, mwombe daktari akuandikie, mpange itanunuliwa wapi na nani atakayeichukua. Isinunuliwe ikawekwa kwenye friji ya jirani kando ya maziwa. Chanjo hii hukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8 na ikiganda imeharibika, kwa hiyo itunzwe kituo cha afya au duka la dawa lenye friji ya chanjo. Ipo pia sindano ya kingamwili iliyo tayari, ambayo mtoto huchomwa paja la pili ndani ya saa 12. Ni ghali na si rahisi kuipata. Ukiweza kuipata, vizuri. Ukiikosa usikate tamaa, kwani chanjo iliyowahi, pamoja na dawa ikiwa unaihitaji, huwakinga watoto walio wengi mno.

Uchungu ukianza, usingoje kuulizwa. Mwambie anayekupokea: "Nina homa ya ini aina ya B, mtoto achomwe chanjo leo." Mwambie pia atakayekusindikiza, maana leba inaweza kukuchukua maneno yote kinywani. Upasuaji hauhitajiki kwa sababu ya ugonjwa huu peke yake.

Na umnyonyeshe. Mama mkwe ana nia njema lakini kwa hili amekosea. Mtoto aliyechanjwa anaweza kunyonya tangu saa ya kwanza, na hata kwa wale waliokosa chanjo haijaonekana kwamba ziwa linaongeza maambukizi. Chuchu zikichanika na kutoka damu, mwone mkunga akusaidie kumshikisha ziwa sawasawa ili zipone. Kumpa mtoto maziwa ya kopo yaliyochanganywa na maji yasiyo salama ni hatari iliyo karibu zaidi kuliko hiyo anayoiogopa.

Nakuonya mapema pia juu ya umanjano. Watoto wengi wachanga hugeuka manjano kidogo siku ya pili au ya tatu, na katika nyumba yenu kuna mtu atakayepiga kelele kwamba homa ya ini imetokea. Siyo. Huo ni umanjano wa kawaida wa watoto, na mara nyingi huisha wenyewe akinyonya vya kutosha. Mkimbize hospitali ikiwa umeanza ndani ya saa 24 za kwanza, umeshuka hadi viganjani na nyayoni, mtoto amelegea hataki ziwa, kinyesi ni cheupe, au wiki mbili zimepita bado upo.

Baada ya hapo atachomwa zile za wiki 6, 10 na 14 bila kuruka hata moja. Akifikisha miezi 9 hadi 12 mpeleke akapimwe damu. Usikubali kumpima mapema kwa sababu ya wasiwasi, majibu ya kabla ya hapo yanaweza kupotosha. Kipimo hicho ndicho kitakachokwambia kwamba hana virusi na kwamba kinga imeshika.

Sasa mume wako. Aya hii mpe simu aisome mwenyewe.

Mwanangu, umemuuliza mkeo ameitoa wapi, na hakuna kipimo duniani kinachoweza kujibu swali hilo. Lakini hesabu iko hivi. Mkeo alizaliwa kabla Kenya haijaanza kuwachanja watoto homa ya ini, jambo lililoanza mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wewe pia, kama mnakaribiana umri. Mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi mwili huvifukuza virusi. Wanaobaki navyo miaka nenda miaka rudi, hapa Afrika wengi wao walivipata wakiwa wachanga au watoto wadogo, kwa mama zao au kwa watoto wenzao, kabla hawajajua ndoa ni nini. Kwa hiyo kipimo cha mkeo si ushahidi wa usaliti. Na wewe kusema huumwi hakuthibitishi kitu, yeye naye hajawahi kuumwa. Nenda ukapime. Ukikutwa huna na huna kinga, utachomwa sindano tatu ndani ya miezi sita na utakuwa salama kulala kitandani kwako; hadi uzimalize tumieni kondomu. Ukikutwa nayo, utafuatiliwa ini lako kabla halijakulaza. Kazi yako ni ya vyuma na michubuko, damu yako humwagika karakana kila wiki, na wenzako wanastahili ujue. Kisha rudi chumbani. Mwanamke mwenye mimba ya wiki 26 hafai kulia peke yake usiku.

Mama mkwe mpigie wewe, binti yangu, au wifi afanye kazi hiyo kwa kuwa ndiye aliyeipeleka habari. Ugonjwa huu hauambukizwi kwa kikombe, sahani, kukumbatiana, kupika wala kulala chumba kimoja. Vya kutenga ni vile vinavyogusa damu: wembe, mswaki, mkasi wa kucha, sindano. Virusi hivi vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku saba au zaidi, kwa hiyo damu ikimwagika ifutwe kwa maji yenye dawa ya klorini, na nguo za uzazi zenye damu azishike akiwa na glavu, hasa kama ana kidonda mkononi. Aje akukande. Utahitaji yale maji moto.

Ile chupa ya sokoni imwage. Ini ndilo linalochuja kila unachokunywa, na baadhi ya mitishamba hulichoma lenyewe, tena ukiwa mjamzito. Hakuna chupa tatu zinazofuta virusi hivi kwenye damu. Anayekuambia hivyo anauza hofu yako.

Kwa wauguzi wenzangu mnaosoma: tukishaandika jibu kama hili kwenye kitabu cha mama, tukae naye hata dakika kumi kabla ya kuita jina linalofuata. Huyu alikuwa amebakiza kidogo auchane ukurasa kwa sababu hakuna aliyemweleza umeandikwa kwa faida ya nani.

La mwisho ni mtoto wako wa miaka minne, na hapa sitakuficha. Kuwa mzima na kukimbia hakutoshi kumthibitisha, kwa yale niliyokueleza juu ya ugonjwa kujificha. Alizaliwa wakati hakuna aliyejua hali yako, basi inaelekea hakupata chanjo ya siku ya kwanza. Tafuta kitabu chake uangalie kama alimaliza zile tatu, kisha siku utakayokwenda kuonana na daktari mbebe na yeye, apimwe. Akikutwa hana virusi na chanjo zake zimekamilika, mshukuru Mungu mrudi nyumbani. Akikutwa navyo, ataandikishwa kliniki ya watoto, atapimwa ini kwa vipindi, na dawa zipo kwa atakayezihitaji. Mtoto anayejulikana hali yake akiwa na miaka minne ana miaka mingi ya kutunzwa kabla ini halijaanza kudhurika. Nenda naye Jumatatu asubuhi, na uniandikie majibu ya nyote wawili.